Nani kala bando?

Basi bwana, Jumamosi nikanunua bando la GB 10, nikaiwashia kompyuta hotispoti ili dogo, aliyekuja kwangu Mwanjelwa toka Kihesa, Iringa, ajaze fomu ya mkopo wa chuo. Nikatoka kufuata chipsi, simu ikabaki kwenye chaji. Kurudi, meseji: bando kwisha! Nikamshukia dogo, eti kaangalia filamu (ya HD hula hadi GB 3 kwa saa). Akanuna, akafunga begi.

Kumbe mlaji kompyuta yenyewe! Windows ikiona hotispoti hudhani ni intaneti ya nyumbani isiyo na kipimo, inajivutia maboresho kimyakimya. Washikaji, ingieni mipangilio ya Wi-Fi, muiambie mtandao huo unapimwa, mengi yatasubiri.

Fomu tulimalizia kwa simu usiku. Dogo mpaka leo hanisemeshi.