Kibanda Umiza: Jina Limesema Kweli



Yako majina yanayoficha aibu na yako yanayoifichua. Riba huitwa faida, rushwa huitwa chai, na nyumba ya ulevi huitwa mahali pa starehe. Lakini wako watu waliokiita kitu kwa jina lake bila ya kuona haya, nao ni wale walioipa nyumba ya kuonyeshea mpira na filamu jina la "kibanda umiza". Wameiita kwa lile linalowafika humo. Wanaumia, wanalipa, na kesho wanarudi. Na sisi tunaosema kuwa kazi yetu ni kuamrisha mema na kukataza maovu, hatujauliza hata siku moja kwa nini nyumba inayouza furaha iitwe kwa jina la maumivu.

Twende nawe Kahama na Maganzo katika mkoa wa Shinyanga, kisha tuvuke mpaka Katoro na Nyarugusu katika mkoa wa Geita. Usiseme kuwa huko ni mbali na Pwani. Dhahabu na almasi zimewaita vijana wa kila upande, na wetu wamo. Kijana wa Tanga amekwenda kuuza nguo, wa Kilwa amekwenda kuchimba, wa Unguja amefungua kiduka cha simu. Jioni, kazi ikisha, atakwenda wapi? Baa ziko kila kona. Mwenye kumcha Mola wake, au hata mwenye kuogopa tu kupoteza pesa zake, huenda kibandani kutazama mpira.

Hebu tukitazame kibanda chenyewe. Kuta ni za mabati au maturubai, na paa liko chini. Mabenchi ni mbao zilizopigiliwa misumari, hayana mgongo, na magoti ya aliye nyuma yanamchoma wa mbele mgongoni. Dirisha hakuna, na likiwapo limezibwa, ili mwanga usiharibu picha na asiyelipa asichungulie. Mlango ni mmoja, na mlangoni hapo amekaa mpokea pesa na meza yake. Nyaya zinaning'inia juu ya vichwa. Siku wanayocheza Simba na Yanga, benchi la watu sita hukaliwa na kumi, na waliokosa benchi husimama katika njia mpaka njia yenyewe ikapotea.

Hali haikuwa hivi siku zote. Wazee wetu wa Pwani wanazikumbuka sinema. Kule Unguja ukumbi wa Royal ulifunguliwa mwaka 1921. Ukaungua 1953, ukajengwa tena na kufunguliwa 1955 kwa jina la Majestic. Hatuzisifu sinema zile kwa kila jambo. Filamu nyingine zilikuwa za fedheha, na viti vya bei ya chini, vile vya mbele kabisa, vilikuwa vya kuumiza shingo. Hata hivyo, mwenye tikiti alijua kuwa amenunua kiti. Tikiti zilipokwisha zilikwisha, hata walanguzi wakawa wanaziuza nje kwa bei ya kuruka. Ulanguzi ni mbaya, lakini ni ushahidi kwamba viti vilikuwa na hesabu.

Kisha ikaja mikanda ya video katika miaka ya 1980. Bara hakukuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo video ilipokelewa kwa kiu kubwa. Kumbi kubwa zikafungwa moja baada ya moja, na mabanda yakaota katika miji na machimbo. Humo watu walimsikia Lufufu akizifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakacheka na kulia pamoja. Haja ya watu ilikuwa ya kweli, na mwenye kibanda alipoitimiza hakufanya kosa. Kosa lake ni jingine, nalo ndilo tunalotaka ulione.

Mwezi wa Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu mjini Geita. Kabla ya hapo mchimbaji alilalamika kuwa anapunjwa na wanunuzi wa vichochoroni. Siku hizi dhahabu yake hupimwa kwenye mizani mbele ya macho yake, mpaka gramu, mpaka pointi, na pointi moja ikipotea atagombana mpaka jua litue. Ana haki. Basi mtu huyu huyu, jioni hiyo hiyo, hutoa shilingi 500 au 1,000 kwa nafasi ya kukaa, akapewa nusu ya nafasi, na hakuna aliyemletea mizani. Mwenye kibanda chenye nafasi ya watu 60 akiwaingiza 120, ameuza kiti kimoja mara mbili. Angeuza pishi moja ya mchele kwa watu wawili tungemwitaje?

Kuna sura nzima katika Kurani, Suratul Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo: wakijipimia wao hutaka kamili, na wakiwapimia wenzao hupunguza. Tumezoea kuisoma sura hii tukiwafikiria wauza nafaka na wauza mafuta. Mwenye kibanda naye anauza kwa kipimo. Bidhaa yake ni benchi, hewa na njia ya kutokea, na zote tatu anazipunja. Pesa anazipokea kamili, zikipungua shilingi 50 haruhusu mtu kupita.

Utasema: "Haya ni mambo ya makalio na magoti. Mtu akibanwa saa mbili anakufa?" Ndiyo, msomaji, anaweza kufa, na ukitaka dalili, zipo mbili, ya hewa na ya mlango.

Ya hewa kwanza. Vumbi la mwamba huumiza mapafu ya mchimbaji, na mapafu yaliyoumizwa na vumbi hushikwa upesi na kifua kikuu. Ugonjwa huo husafiri katika hewa, na hupenda chumba kilichojaa watu kisichopitisha upepo. Sasa mkusanye mchimbaji huyu na wenzake mia, uwazibie madirisha, uwabanize bega kwa bega usiku baada ya usiku, mmoja wao akikohoa. Mwaka 2015, huko Nyangalata, wilayani Kahama, watu watano walitolewa hai chini ya ardhi baada ya siku 41 za kufunikwa na kifusi. Nchi nzima ilishangaa, na ilistahiki kushangaa. Lakini mchimbaji anapotoka katika duara jembamba, akalipa pesa ili aingie katika tundu jingine lisilo na hewa, hakuna anayeshangaa. Duara angalau huwekewa matimba ili lisiporomoke. Kibanda kimewekewa nini?

Ya mlango ni nzito zaidi. Tarehe 31 Desemba 1929, katika mji wa Paisley huko Scotland, watoto walijaa katika sinema ya Glen kutazama filamu ya mchana. Moshi ulitoka katika chumba cha mitambo, moto mkubwa haukuwapo. Watoto wakakimbilia njia ya kutokea, wakaikuta imefungwa, wakarundikana. Walikufa 71. Waingereza walijifunza kwa msiba kuwa milango ya kumbi ifunguke kuelekea nje, na kuwa ukumbi usijazwe kupita kiasi.

Na sisi tulipata Paisley yetu. Tarehe 1 Oktoba 2008 ilikuwa sikukuu ya Idd el-Fitr. Mjini Tabora, jirani kabisa na Shinyanga, watoto walikusanyika katika ukumbi wa disko kusherehekea Idd. Walijazwa kupita uwezo wa ukumbi, hewa ikawa haba, wakakanyagana. Walikufa watoto wasiopungua 19. Walitoka majumbani kwao kama wanavyotoka wetu siku ya Idd, na jioni wakarudishwa kwa ajili ya kuoshwa na kusaliwa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Baada ya msiba ule wengi wetu tulikuwa na swali moja tu: mtoto wa Kiislamu anafanya nini disko? Swali hilo ni la haki, na kila mzazi ajijibu. Lakini lilitufunga macho tusiulize la pili: ni nani aliyeuza nafasi zisizokuwapo? Watoto wale hawakuuawa na ngoma. Waliuawa na ukuta, joto na wingi. Wangejazwa namna ile katika chumba cha madrasa kisicho na dirisha, wangekufa vile vile.

Tangu siku hiyo, zinapokaribia sikukuu, polisi wa mikoa mbalimbali hutangaza kupiga marufuku disko toto. Hayo ni mema. Lakini marufuku hupita na sikukuu, na kibanda hubaki na mlango wake mmoja mwaka mzima.

Hapa ndipo ulipo ugonjwa wetu. Sheria ya kwanza ya Uingereza juu ya sinema ilitungwa mwaka 1909, na shabaha yake ilikuwa usalama wa watazamaji wasiungue kwa moto. Habari ya kukagua kinachoonyeshwa ilifuata baadaye. Walianza na uhai wa mtu, kisha wakaja kwenye macho yake. Sisi tumekwenda kinyume. Tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na tunayo Sheria ya Zimamoto na Uokoaji ya 2007. Kwa hiyo hatukukosa sheria. Lakini likitajwa banda la video, kiongozi na shekhe na mzazi wote huuliza neno moja: wanaonyesha nini? Ni nani umemsikia akiuliza: wanaingia wangapi, na wanatokea wapi?

Kukagua picha ni wajibu, hatuupingi. Filamu chafu huharibu moyo, na moyo ukiharibika kiwiliwili chote huharibika. Lakini kulinda nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia yetu, na maiti hapewi mawaidha.

Tena dini hii haikuona kuwa habari ya nafasi ya kukaa ni jambo dogo. Katika Suratul Mujadilah waumini wameamrishwa wapeane nafasi katika mabaraza wanapoambiwa wafanye hivyo, na wakaahidiwa kuwa Mwenyezi Mungu naye atawapa nafasi. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kumwinua mwenzake ili akae mahali pake. Na siku ya Ijumaa alimwona mtu akipita juu ya shingo za watu, akamwamuru akae, kwani amewaudhi. Ikiwa kuudhi mabega ya watu ndani ya msikiti, kwa ajili ya kuifuata safu ya mbele, kumekemewa, vipi kuwaudhi kwa ajili ya kujaza mfuko?

Najua yatakayosemwa. La kwanza: "Mwenye kibanda ni maskini, hana pesa za kujenga ukumbi." Tunajibu: umaskini haujapata kuwa ruhusa ya kuuza kisichokuwapo. Tena tunayoyataka hayahitaji utajiri. Mlango unaofunguka ndani na unaofunguka nje ni mlango ule ule na bawaba zile zile. Kutoboa dirisha katika bati hakumfilisi mtu. Kuacha njia katikati ya mabenchi kunampunguzia watazamaji wachache, na hao wachache ndio hasa ambao hakuwa na haki ya kuwauzia.

La pili: "Wenyewe wameridhia, hakuna aliyewalazimisha." Ridhaa ya mtu asiyeijua hatari haihesabiwi kuwa ridhaa. Anayepanda mashua iliyojazwa kupita kiasi naye ameridhia. Je, nahodha asiulizwe? Sisi watu wa Pwani tumezika wengi kwa jibu hilo, na ni sisi tunaopaswa kuwa wa kwanza kulikataa.

La tatu, nalo ni letu wenyewe: "Waache kwenda, hapo watakuwa salama." Sawa, na tumewajengea nini badala yake? Nchi ile imetoa dhahabu tangu enzi za Mwingereza. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, na Buzwagi ulianza 2009 na kufunga kazi 2021. Katika mali yote hiyo, kijana wa Katoro akitaka kukaa na wenzake jioni, bila ya pombe, juu ya kiti chenye mgongo, atakaa wapi? Usimlaumu mwenye kiu kwa kunywa maji ya dimbwi ikiwa wewe umekalia kisima.

Basi tunasema wazi, na kila mmoja achukue lake. Mwenye kibanda: hesabu mabenchi yako, andika idadi mlangoni, ikitimia funga dirisha la pesa na uache wazi njia ya kutokea. Zidisha mlango wa pili, na yote mawili ifunguke nje. Pesa ya mtu wa 61 si halali yako, kwani hukumpa kitu. Halmashauri: mnaochukua ushuru wa kibanda, chukueni na futi ya kupimia, anayekula ushuru asikague, atashiriki dhambi. Maimamu wa Kahama na Geita: Ijumaa mtakapoyasema ya filamu, ongezeni neno juu ya mlango.

Na wewe mzazi uliyeko Tanga, Mombasa au Lamu, ukimpigia simu mwanao aliyeko machimboni, humuuliza kama ameswali na kama amekula. Muulize na la tatu: jioni unakaa wapi, na penye watu wengi hivyo, unatokea wapi? Kisha toka nje ukatazame mtaani kwako. Kibanda kipo hapo pia, nyuma ya soko au karibu na stendi, na mlango wake ni mmoja.

Mwenyezi Mungu atupe nafasi katika rehema yake, na atujaalie kuwapa waja wake nafasi. Amin.