Kabaila wa Nyeri na Eropleni Yake

Mwaka 1931, eropleni za majini za kampuni ya Imperial Airways zilipoanza kutua Port Bell, karibu na Kampala, ng'ambo ya mashariki, huko Nyeri nchini Kenya, alikuwako Mzungu mmoja ambaye kuruka angani kwake lilikuwa jambo la zamani. Jina lake lilikuwa John Carberry, na hata Wazungu wenzake walishindwa kumwelewa.

Alizaliwa mwaka 1892 katika ukoo wa makabaila wa Ireland. Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka 6 tu, naye akarithi cheo cha Lord Carbery pamoja na kasri na ardhi. Mali hiyo haikumtuliza. Mwaka 1914 alikwenda Monaco kushindania Kombe la Schneider, na mwaka huohuo akawashangaza watu wa Ireland kwa kuipindua eropleni angani, miguu juu, kichwa chini. Msomaji akumbuke kwamba eropleni za siku zile zilikuwa mbao, nyaya na kitambaa. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, alirusha eropleni za jeshi la majini la Uingereza.

Baada ya vita aliichukia Uingereza, akauacha ulodi, akahamia Marekani, kisha akaja Kenya. Hata jina alilibadilisha, akaliongeza herufi moja! Shamba lake karibu na Nyeri aliliita Seremai, neno ambalo husemwa kuwa kwa Kimaasai maana yake ni mahali pa kifo. Mtu mwingine angalitafuta jina jingine.

Eropleni yake, aina ya De Havilland 51, ililetwa kwa meli hadi Mombasa, ikaanza kuruka Kenya mwaka 1926. Ilipewa jina Miss Kenya, na mwaka 1928 ikawa ya kwanza kuandikishwa katika daftari la eropleni la nchi hiyo.

Mkewe, Maia, naye akawa rubani hodari, tena akawafundisha wengine. Tarehe 12 Machi 1928, akiwa angani Nairobi pamoja na mwanafunzi wake, eropleni yao ilianguka, wote wawili wakafa. Alimwacha binti, Juanita, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 3.

Msiba huo haukumtenga Carberry na eropleni. Mwaka 1936 alimwazima Beryl Markham eropleni yake mpya, naye mama huyo akavuka peke yake bahari ya Atlantiki kutoka Uingereza, akashukia kwenye kinamasi nchini Kanada baada ya saa zaidi ya 21. Ukarimu huo kwa rubani haukufika nyumbani. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1999, Juanita alieleza ukatili alioupata utotoni mikononi mwa baba huyo. Na ushujaa wa angani, hata uwe mkubwa namna gani, hauwezi kuwa udhuru wa jambo hilo.

Carberry alifariki mwaka 1970 huko Johannesburg. Miss Kenya ilikuwa imekwisha kuondoka Afrika kabla yake: mwaka 1965 ilipakiwa ndani ya ndege kubwa ya jeshi la anga la Uingereza, ikarudishwa ilikotengenezwa. Huko imetunzwa na kutengenezwa upya, na jina lake la Kenya halikufutwa.