MGONGO UKIVUNJIKA, URAIA NAO UMEVUNJIKA?

Jamani, tuambiane ukweli. Kila msimu wa kampeni vijana wa bodaboda hujaziwa mafuta, wakavishwa fulana na kofia, wakaambiwa wapige honi mbele ya msafara wa mheshimiwa. Siku hiyo ni "nguvu kazi ya Taifa". Wiki ya pili mmoja anagongwa na lori, uti wa mgongo unaumia, miguu inakufa ganzi. Nani katika msafara ule anajua anakolala?

Analala chumba cha uani kule Mbagala, juu ya godoro lililobonyea, mama yake akimgeuza. Majirani wananong'ona karogwa. Washikaji walikuja mara mbili, wakakata mguu. Ndiyo, na ninyi mnaosoma hapa mmo!

Kila mtu ameshamhesabu kwamba kwisha habari yake. Kwisha kivipi? Uti ukiumia chini ya shingo, mikono ni ile ile na kichwa ni kile kile. Kinachowamaliza wengi baada ya kutoka hospitali si ajali yenyewe. Ni vidonda vya makalio kwa kukaa mkao mmoja, ni mkojo unaobaki kibofuni hadi ukaharibu figo. Dawa yake si miujiza: mto mzuri wa kukalia, mipira safi ya mkojo, na mtu wa kumfundisha kujiinua kitini kwa mikono kila baada ya muda mfupi. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na hali hii. Wanaishi, si wanasubiri kufa.

Kwa karatasi Serikali yetu haijambo. Katiba ya 1977, Ibara ya 11, inataja haki ya kazi na ya msaada wakati wa ulemavu. Mwaka 2009 tukaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2010 ikaja sheria: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea, asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Hebu zunguka Posta uhesabu, anza na ofisi za umma zenyewe! Mwaka 2018 halmashauri zikafungwa kisheria kutenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kuwakopesha bila riba. Mikopo ikasimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Sawa, lakini fomu inachukuliwa ghorofa ya ngapi, na lifti iko wapi?

Wasituambie haiwezekani. Vituo vya mwendokasi tangu 2016 vina njia ya mteremko na jukwaa linalolingana na mlango wa basi. Tatizo ni kufika kituoni, katikati ya mchanga na mitaro, huku konda wa daladala akiona kiti cha magurudumu anapiga bodi gari iondoke. Na tazama Bajaji: usukani, klachi, gia na mafuta vyote viko mkononi, breki tu ndiyo ya mguu, na fundi wa gereji huiunganishia mkono wa chuma. Walemavu wangapi Dar wanalisha familia kwa chombo hicho! Hawakusubiri huruma ya kigogo.

Mheshimiwa atarudi kuomba honi. Kabla hamjawasha pikipiki, mpelekeni kwanza chumba cha uani, akamweleze yule kijana ile asilimia 2 inapatikana mlango gani.