MWACHA ASILI AU MNYANG'ANYWA ASILI?

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Leo nina neno juu ya methali hii.

Mmarekani akitafuta habari za babu yake mlowezi wa karne ya 19, karatasi ziko. Mchukue Daniel Freeman. Tarehe 1 Januari 1863 alijiandikisha huko Nebraska apewe ekari 160, kwa sheria ya mwaka 1862. Ilimbidi akae miaka mitano, ajenge, alime, kisha alete mashahidi. Yote yakaandikwa. Sensa nayo, tangu 1850, iliandika jina la kila mtu aliye huru, hata mtoto mchanga.

Lakini kuna waliopelekwa Marekani kwa minyororo. Katika sensa za 1850 na 1860, watumwa waliandikwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana wao. Majina karibu hakuna! Wengi walitajwa kwa majina mwaka 1870, wakiwa huru. Anayetaka kujua ya nyuma lazima apekue karatasi za bwana: wosia na hati za mauzo, kama ng'ombe.

Sasa jameni, mtumwa huyo aliacha asili yake lini? Si alinyang'anywa!

Waacha asili ni sisi, tulio na nyanya nyumbani na hatuwaulizi kitu. Nyanya yangu hajui kusoma. Majina ya ukoo wetu anayo kichwani. Mimi nimeshanunua daftari. Je, wewe mwenzangu?