Kipawa Hakijiinui Chenyewe

Liko neno linalosemwa sana, katika nchi yetu na katika nchi za mbali, na kwa kuwa husemwa na watu wazima kwa sauti ya utulivu, vijana hulipokea kama sheria. Neno lenyewe ni hili: mwenye kipawa hafichiki, kama anacho kitamtoa. Husemwa juu ya washairi, wakimbiaji na waimbaji, lakini halisemwi kwa ukali zaidi kuliko pale mwanamke anapotaka kutengeneza sinema, akaomba msaada wa waliomtangulia. Hujibiwa, "Kama waweza, fanya, kazi yako itakusemea." Nakuomba, msomaji, ulipime neno hili pamoja nami. Mimi naliona ni la uongo, na uongo wake umekwisha kula maisha ya watu wengi.

Tuanze na sinema yenyewe. Mshairi huhitaji kalamu, karatasi na usiku mmoja wa kimya. Akishindwa kupata mchapaji leo, shairi lake laweza kungoja sandukuni hata miaka kumi. Sinema haifanyiki hivyo. Filamu ndogo kabisa inayostahili jina hilo yataka mwandishi wa mswada, mwelekezi, mpiga picha, fundi wa taa, mnasa sauti, waigizaji, mtu wa mavazi, mpishi na dereva. Kisha mhariri wa kukaa na picha hizo majuma mengi akikata na kuunga. Kila mmoja wao ana ujira wake. Kabla ya picha ya kwanza kupigwa, mwenye fedha sharti amwamini mtu ambaye pengine hajapata kumwona akifanya kazi hiyo, na mafundi waliomzidi umri sharti wakubali kutii sauti yake. Imani ya namna hii haidondoki kutoka mawinguni. Huletwa na mtu wa tatu, aingiaye chumbani akasema, "Huyu namjua, mpeni." Mtu huyo wa tatu ndiye ninayetaka kumzungumza hapa.

Wanaume wa kazi hii hawakumkosa. Kule Marekani, Roger Corman, mtengenezaji wa filamu za bei rahisi, alimpa kijana Francis Ford Coppola nafasi ya kuelekeza Dementia 13, iliyotoka mwaka 1963. Coppola naye alipopata nguvu alimshika mkono mwenzake mdogo, George Lucas, akawa mtayarishaji wa filamu zake mbili ndefu za kwanza, ya mwaka 1971 na ya mwaka 1973. Dunia nzima yajua Lucas alifika wapi baada ya hapo. Je, umepata kusikia mtu akilalamika kwamba vijana hao walibebwa? Mimi sijasikia. Jambo hilo liliitwa urafiki, likaitwa kukuza ufundi, likaitwa desturi ya kazi. Tena pana habari ndogo isiyotajwa mara nyingi: Coppola huyo alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, miongoni mwa walimu wake alikuwamo mwanamke, Dorothy Arzner, ambaye katika miaka ya 1930 alikuwa karibu mwelekezi mwanamke pekee katika studio kubwa za Hollywood. Mwanamke aliyeachwa peke yake alijua kumlea mwana wa watu. Hollywood ilikuwa wapi kuirudisha fadhila hiyo kwa binti wa watu?

Wala asikudanganye mtu kwamba wanawake walichelewa kufika. Alice Guy alikuwa karani wa Léon Gaumont mjini Paris. Mwaka 1896, sinema ilipokuwa bado mtoto mchanga, alielekeza filamu. Na kwa maelezo yake mwenyewe, bwana wake alimruhusu kwa sharti kwamba kazi ya ukarani isiharibike. Mwaka 1910 alianzisha kampuni yake huko Marekani, jina lake Solax. Mwanamke mwingine, Lois Weber, alipata sifa kubwa ya uelekezi katika siku hizo, akamchukua msichana Frances Marion chini ya uangalizi wake, na Marion akaja kuwa mwandishi wa filamu aliyeshinda tuzo ya Oscar mara mbili. Mnyororo ulikuwa umeanza kufungwa, pete kwa pete. Kisha, katika miaka ya 1920, sinema ikawa biashara kubwa yenye mabenki nyuma yake. Milango ikafungwa, na pete zikatawanyika. Alice Guy hakuelekeza tena baada ya mwaka 1920. Aliishi mpaka mwaka 1968, na sehemu kubwa ya uzee wake aliitumia kutafuta filamu zake zilizopotea na kulidai jina lake katika vitabu vilivyomsahau, au vilivyoziandika kazi zake kwa majina ya wanaume. Ikiwa kipawa hakifichiki, huyu alifichwaje?

Tuzo ya Oscar ya mwelekezi bora ilikwenda kwa mwanamke mara ya kwanza mwaka 2010, kwa Kathryn Bigelow. Kutoka filamu ile ya karani wa Paris hadi siku hiyo ilikuwa miaka 114. Bara letu pia lisijione limetakata. Tamasha kubwa la sinema za Afrika hufanyika Ouagadougou, na tuzo yake ya juu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1972, ni sanamu ya Farasi wa Yennenga. Yennenga ni nani? Ni binti mfalme wa masimulizi ya Wamossi, mpanda farasi na mpiganaji wa vita, anayehesabiwa kuwa mama wa taifa zima. Hata tamasha la mwaka 2025 lilipokwisha, farasi huyo wa dhahabu alikuwa hajapata kutolewa kwa mwelekezi mwanamke. Apolline Traoré wa Burkina Faso alimkaribia mwaka 2023, akapewa yule wa fedha. Sanamu ni ya mwanamke, farasi ni wa mwanamke, na kila anayemwongoza kwenda nyumbani ni mwanamume!

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo wapinzani wangu wanapodhani wamenikamata. Kenya, husema wao, ina waelekezi wanawake wengi na wenye sifa. Basi msaada wa nini? Ni kweli wapo. Anne Mungai, aliyesomea kazi hii katika taasisi ya mawasiliano ya umma ya Nairobi, alitoa Saikati mwaka 1992, akawa Mkenya mwanamke wa kwanza kuelekeza filamu ndefu. Nayo ni hadithi ya msichana wa Kimaasai anayekataa ndoa aliyopangiwa ili asome. Wanjiru Kinyanjui, mwanafunzi wa chuo cha sinema cha Berlin, alifuata katika miaka hiyo hiyo ya 1990. Wakaja Judy Kibinge, Wanuri Kahiu, Hawa Essuman na wengine. Lakini mtazame kila mmoja kwa karibu, utaona alama za mikono ya watu. Hawa Essuman aliielekeza Soul Boy, iliyopigwa Kibera na kutoka mwaka 2010, akiwa chini ya ulezi wa Tom Tykwer, mwelekezi wa Kijerumani aliyefika Nairobi kufundisha. Natumaini umeona kwamba mlezi huyo ni mwanamume. Sisemi kwamba mwanamke hulelewa na mwanamke tu. Nasema hakuna asiyelelewa. Judy Kibinge alipokwisha kujenga jina hakuufunga mlango nyuma yake. Alianzisha Docubox, mfuko unaowapa watengenezaji wa filamu za hali halisi wa Afrika Mashariki fedha na mafunzo pamoja. Na kule Kampala, Mira Nair, mwelekezi mzaliwa wa India, alianzisha mwaka 2004 maabara ya filamu aliyoipa jina la Kiswahili, Maisha, ili vijana wa nchi zetu wafundishwe kuandika na kupiga picha bila kwenda ng'ambo. Basi wingi wa wanawake hawa haushuhudii kwamba kipawa hujitoa chenyewe. Washuhudia kinyume chake.

Wako wanaosema kwamba ulezi wa namna hii ni upendeleo, na kwamba utambeba asiyeweza. Wanaosema hivyo hawajapata kukaa mbele ya mlezi mwema. Mlezi mwema ni mkali. Huusoma mswada wako mara tatu na kukwambia kwamba kurasa arobaini za kwanza hazina kazi. Hukuonyesha kwamba taa uliyoiweka inamfuta mwigizaji wako mweusi usoni, kwa sababu vifaa na kanuni za kupiga picha tangu zamani vilipimwa kwa ngozi nyeupe, na wewe huna budi kujifunza upya. Hukufundisha kuandika hesabu ya gharama isiyochekwa na mwenye fedha, na kuusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi, usije ukagundua baada ya miaka kwamba filamu uliyoitokea jasho si mali yako. Kazi mbovu hukataliwa mezani pake kabla haijakataliwa na umma. Asiye na mlezi hujifunza mambo hayo hayo kwa kuumia, na wengi huishia katika jeraha la kwanza.

Wengine huniambia kwamba ulezi ni jambo la kigeni, limekuja na wafadhili. Hili lanichekesha. Mwambao wa Waswahili ulikuwa na somo na kungwi kabla ya sinema kuzaliwa popote duniani: mwanamke mzima aliyekabidhiwa msichana ili amfunze mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka, naye alibaki mshauri wake hata baada ya msichana kuolewa. Na wanawake wa Kenya ya kati katika miaka ya 1960 walikuwa na vyama vya mabati. Kila mmoja alitoa senti zake. Zilipotosha, nyumba ya mmoja ikaezekwa, kisha ya mwenziwe, mpaka nyasi zilizovuja zikabaki hadithi. Hakuna aliyeambiwa, "Kama wewe ni mama hodari, bati litajipandisha." Filamu nayo yaweza kuezekwa hivyo: leo wewe unabeba taa katika filamu yangu bila ujira, kesho mimi nanasa sauti katika yako, mwenye kamera anaazima, mwenye gari anapakia.

Iko sababu nyingine, na nitaitaja kwa uwazi, kwa kuwa waliofichwa jambo hili ndio walioumizwa nalo. Mwaka 2017 wanawake wengi walisimulia hadharani waliyotendewa na Harvey Weinstein, mtayarishaji mwenye nguvu kubwa huko Hollywood. Katika masimulizi yao lilirudi jambo moja: msichana mgeni wa kazi, ameitwa peke yake hotelini kuzungumzia kazi, hana wa kumwuliza kama ndivyo ilivyo desturi. Kumbe wenyeji walijua, wakanong'ona wao kwa wao. Mnong'ono huo haukumfikia mgeni kwa sababu hakuwa na mtu. Anayekwambia uende peke yako ukajaribu bahati yako, mwulize kama binti yake angemtuma hivyo.

Wapo pia katika kazi hii watu wasiojihesabu kuwa wanaume wala wanawake. Pengine msomaji unashtuka kuwakuta katika ukurasa huu. Walakini nao huandika, huelekeza na huhariri, na kwao mtu wa tatu ni adimu kuliko kwa mtu yeyote niliyemtaja, kwa kuwa mara nyingi hata jamaa zao wamewapa kisogo. Chama kilichoundwa na watu waliofungiwa mlango hakina haki ya kusimama mlangoni na kuchagua nani astahiliye kuteseka nje.

Hata aliyefaulu hamalizi haja ya wenzake. Mwaka 2018 filamu ya Wanuri Kahiu iitwayo Rafiki, hadithi ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Na mwaka huo huo ilipigwa marufuku hapa nyumbani. Juu ya filamu yenyewe kila mtu na rai yake, nami sitakuamulia yako. Natazama jambo moja tu: alipokwenda mahakamani hakwenda peke yake, kundi la watu wa sanaa lilisimama pamoja naye kuwa mlalamikaji. Mahakama Kuu iliiondoa marufuku hiyo kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa.

Yabaki ya kwako, msomaji. Tamasha la kitaifa la drama la shule zetu siku hizi lina filamu ndani yake, na huenda shule yako ina chama chake. Chunguza wiki hii ni nani hushika nini. Nahofia utakuta wasichana mbele ya kamera wakipakwa poda, na wavulana nyuma yake wakibishana juu ya nuru. Wewe mvulana unayeijua kazi hiyo, hukuzaliwa ukiijua. Kuna kaka aliyekuonyesha. Wewe msichana, usingoje kuitwa. Nenda ukaulize, na ukifukuzwa rudi na wenzako watatu. Na wewe wa darasa la juu, mvulana au msichana, uliyebakiza miezi michache uondoke, mtafute mmoja wa darasa la chini kabla ya muhula kwisha. Mwonyeshe namna ya kuishika kamera isitikisike, namna ya kusikiliza sauti ya upepo katika kinasa sauti, na mahali ufunguo wa kabati unapowekwa. Kisha mwache apige picha mwenyewe, na akikosea, usimnyang'anye.