Ukiulizwa na bima ya mwenzio, usijibu "sijambo"

Ndugu zangu wa nyumbani, salaam nyingi kutoka Houston, Texas. Najua nimekuwa kimya mno, na wengine mmeanza kuulizana kama nimewasusa au nimepata mzungu. Sijawasusa, na mzungu sijapata. Leo nataka niwaeleze jambo ambalo nilishalisema nusunusu kwenye simu, na kila mtu akatoa hukumu yake kabla sijamaliza. Mjomba alisema nimeshakuwa Mmarekani, nashitaki watu. Mdogo wangu alisema ningechukua zile dola za mwanzo tukaezeka vile vyumba vya uani. Basi leo someni mpaka mwisho, halafu ndiyo mhukumu.

Ilikuwa Februari mwaka 2024, asubuhi. Natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hii kazi yetu ya kubeba boksi ambayo boksi lenyewe ni babu wa kilo tisini. Nimesimama kwenye taa nyekundu barabara ya Bissonnet, huku kusini-magharibi mwa mji tunakokaa Waafrika wengi. Nikasikia kishindo. Pikapu imenigonga kwa nyuma, bampa limeingia ndani, na shingo yangu imekwenda mbele ikarudi kama ya kuku.

Akashuka kijana mdogo, anatetemeka mwili mzima. Nikamwonea huruma. Neno la kwanza kunitoka lilikuwa "pole", nikalisema kwa Kiingereza. Kumbe jamani Kiingereza hakina "pole"! Lile neno lao la karibu zaidi linasikika kama unaomba msamaha. Kwa hiyo aliyegongwa ni mimi, na anayeomba radhi ni mimi. Hapa Texas makosa hupimwa kwa asilimia. Ukionekana umechangia ajali kwa asilimia ishirini, fidia yako inakatwa ishirini. Ukizidi hamsini hupati hata senti. Bahati yangu, gari lililosimama kwenye taa nyekundu likagongwa kwa nyuma halina maneno mengi.

Polisi akaja, akaandika, akanipa namba ya ripoti. Akaniuliza kama niitiwe gari la wagonjwa. Nikakataa haraka, maana hapa gari la wagonjwa si la bure, bili yake inakufuata nyumbani. Nikajikung'uta, nikaenda kulala.

Siku ya tatu ndiyo nikajua. Nimeamka shingo haigeuki, bega linawaka moto, vidole viwili vya mkono wa kulia vina ganzi. Nikajipaka dawa ya kuchua, nikameza vidonge, nikaenda kazini. Siku ya nne simu ikalia. Dada mmoja, sauti nyororo kabisa, anatoka kampuni ya bima ya yule kijana. Ananipa pole nyingi, anasema anataka tumalize jambo hili haraka nisisumbuke. Akaniomba ruhusa ya kurekodi mazungumzo. Nikasema sawa, kwani nina nini cha kuficha? Swali lake la kwanza: unajisikiaje leo?

Sasa nyie mnaijua salamu yetu. Mtu yuko hoi kitandani, ukimsalimu "hujambo" atakujibu "sijambo", ndipo aongeze "ila usiku sikulala". Kwanza uzima, halafu ugonjwa. Ndivyo tulivyolelewa. Ukikutana na mtu ukaanza moja kwa moja na maumivu yako, utaambiwa huna adabu. Nami nikamjibu yule dada kama ningemjibu mama: mzima tu, namshukuru Mungu. Lakini yeye hakungoja "ila" yangu. Alishaandika, na mashine ilishanasa sauti, akaingia swali la pili.

Kesho yake ikaja karatasi kwa barua pepe. Watatengeneza gari, na mimi watanipa dola 1,200 kwa usumbufu. Kazi yangu ni kutia sahihi tu. Nikapiga simu nyumbani, nanyi mlifurahi kuliko mimi. Nilipozizidisha kwa shilingi zetu ziliniingia kichwani vizuri sana: ada ya mtoto wa dada, mabati, na chenji inabaki. Siwalaumu hata kidogo. Nilishashika kalamu.

Aliyenizuia ni mama mmoja wa Kikenya ninayefanya naye kazi, yuko huku miaka ishirini. Aliniona nashindwa kumgeuza mgonjwa, akaniuliza, nikamweleza. Akasema, "Wewe dada, hiyo karatasi usisaini. Ukisaini, hata hiyo shingo ikatike kesho, ni shingo yako." Nikairudia ile karatasi kwa utulivu, mstari kwa mstari. Kweli. Imeandikwa kwamba nikipokea hizo pesa nimefuta madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana, ya leo na ya baadaye. Yaani kwa dola 1,200 nilikuwa nauza shingo ambayo daktari hajaiona bado.

Nikaenda hospitali. Kipimo cha MRI kikaonyesha kwamba kati ya pingili za shingo kuna mahali pametokeza na panagusa mshipa wa fahamu, ndiyo maana ya ile ganzi. Nikafanyishwa mazoezi ya viungo kwa miezi minne, na wiki tano sikufanya kazi kabisa. Bili zilipokamilika zilifika dola 14,100. Toeni wenyewe ile 1,200 mwone ningebaki na deni gani.

Hapa niwaeleze mambo yanavyokwenda, maana mwingine kesho naye atakuja huku. Bima ya aliyekugonga hailipi bili zako moja moja zinavyokuja. Inalipa mara moja tu, mwishoni, na ikishalipa imeondoka. Yule ofisa anayekupigia ameajiriwa na kampuni ya mwenzio, na kazi yake ni kulinda mfuko wa kampuni ile. Simwiti mtu mbaya, anatafuta riziki kama mimi. Ila kwa sheria ya Texas kampuni yako mwenyewe ndiyo yenye wajibu wa kukutendea kwa nia njema, kwa sababu mmeandikiana mkataba. Ile ya mwenzio haina mkataba nawe. Na hakuna sheria inayokulazimisha kuzungumza nayo huku unarekodiwa. Wape jina, namba ya ripoti ya polisi, mahali lilipo gari wakalikague, basi. La mwili waambie unaendelea kuonana na daktari. Na haraka yote ni yao, si yako, maana hapa una miaka 2 tangu siku ya ajali ya kufungua kesi mahakamani. Msichukue haya ya kwetu mkayapeleka jimbo lingine. Kule Minnesota, kwa mfano, bili za matibabu zinaanzia kwenye bima yako mwenyewe, hata kama kosa si lako.

Nami kosa langu jingine nililifanya kabla ya ajali, siku ya kununua bima. Texas kampuni haiwezi kukuuzia bima ya gari bila kukupa kile kifungu kinachokulipia matibabu na sehemu ya mshahara wako bila kuuliza nani mwenye kosa, kuanzia dola 2,500, isipokuwa wewe mwenyewe ukikikatae kwa maandishi. Mimi nilikikataa. Nilipewa rundo la karatasi nikasaini zote nikiwa nimesimama, ili niokoe dola chache kwa mwezi. Kwa hiyo mnaona, sahihi yangu ilikuwa na mazoea mabaya tangu zamani.

Nikatafuta wakili. Namsema "nikamtafuta" kwa makusudi, kwa sababu huku wapo wanaokutafuta wao. Wiki ya kwanza tu simu za watu nisiowajua, mmoja anataka kunipeleka kwa tabibu wake wa mgongo. Sheria ya Texas inakataza wakili au mtu wake kumwinda majeruhi kwa simu namna hiyo. Ukiona hivyo, kata simu. Wakili niliyemchagua hakutaka hela ya mbele, alichukua theluthi moja ya kitakachopatikana. Kwa ajali ya kukwaruzwa tu rangi sikushauri wakili, ongea nao mwenyewe. Kwa mwili ulioumia, mimi peke yangu nisingeweza.

Na unadhani kampuni ilijibu nini? Ilileta dola 7,000, na sababu zake mbili. Ya kwanza, nilichelewa kwenda kwa daktari. Ya pili, siku ya nne baada ya ajali nilisema mwenyewe, kwa sauti yangu, kwamba mimi ni mzima. Ile "sijambo" yangu iliyotoka kwa adabu zote za Tanga imegeuzwa ushahidi dhidi yangu! Ilichukua miezi mingi ya barua na ripoti za daktari kuieleza. Desemba tukakubaliana dola 24,000. Wakili akachukua 8,000. Hospitali na waganga wengine, baada ya kubembelezwa wapunguze, walichukua 9,300. Gharama za jalada 400. Mimi nikabaki na 6,300, karibu sawa na mishahara niliyoikosa na madeni niliyokopa kula. Kwa hiyo yule aliyeambiwa kwamba nimelipwa mamilioni na nimewaficha, jibu lake ni hilo. Sikutajirika. Nilirudi nilipokuwa siku moja kabla ya ajali, na vidole bado vinakufa ganzi kukiwa na baridi.

Sasa nirudi kwa mjomba. Shikamoo mjomba. Unasema nimemwonea kijana wa watu. Mjomba, yule kijana hakutoa hata senti mfukoni. Kila mwezi alilipa ada ya bima, na sheria ya hapa inamlazimisha awe na bima ya angalau dola 30,000 kwa kila mtu atakayemuumiza. Alilipa kwa ajili ya siku kama ile. Kampuni ilipokea hela yake na kuahidi. Kudai ahadi itimizwe si uchoyo, ni kama kudai deni. Ningechukua 1,200, ningekuwa nimewasamehe matajiri na kuwatwisha ninyi mzigo, maana deni la hospitali lingekula ile ninayowatumia kila mwezi. Huruma ya namna hiyo ni ya nani?

Lakini sitaki mtu anielewe vibaya. Wapo wenzetu huku, na wa mataifa mengine pia, wanaogongwa kidogo tu wanavaa kola ya shingo wiki nzima na wakitoka nje ya ofisi ya wakili wanaivua. Huo ni wizi, na ndio unaofanya sisi wenye maumivu ya kweli tusisadikiwe. Mimi sisemi useme unaumwa wakati huumwi. Nasema usiseme mzima wakati huumjui mwili wako bado. Yote mawili ni kusema lisilo kweli, ila moja tumefundishwa kuliita adabu.

Na msidhani haya ni ya Marekani tu. Nyumbani bodaboda inagongwa na gari, watu wanakusanyika, dereva anatoa elfu hamsini, wazee wanasema "yameisha, tumalizane hapahapa", na majeruhi anapelekwa kwa bibi akandwe maji ya moto. Baada ya mwezi mguu umepinda na mwenye gari simu haipatikani. Gari lile lina bima. Hata bima ndogo, ambayo sheria ya Tanzania inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, kazi yake ni kumlipa huyo aliyeumizwa, awe abiria au mtembea kwa miguu. Chukueni namba ya gari, itwe polisi, mchukue PF3 mwende hospitali siku hiyohiyo. Suluhu ni jambo jema na mimi naipenda, lakini suluhu haina haja ya kufanyika kabla damu haijakauka.

Sitaacha kusalimia kama nilivyofundishwa. Mama akinipigia ataendelea kusikia "sijambo, shikamoo mama" hata nikiwa na homa, kwa sababu najua atangoja niseme "ila". Mama anangoja. Kampuni ya bima ya mwenzio haingoji. Kwa hiyo wao wakiuliza unajisikiaje, anza na "ila".

Haya ndiyo yangu ya leo. Mjomba, nangoja jibu lako, na safari hii usimtume mtu, andika mwenyewe. Wasalaam, na mvuke barabara salama.