Njia ya Miguu ni Haki ya Jirani

Wengi wetu tuna binti, kaka au mkwe anayeishi Eastlands, Nairobi. Wiki hii twazungumzia njia za mitaa yao.

Majengo ya Pumwani, mtaa wa miaka ya 1920 uliokaliwa na Waislamu wengi, una vichochoro vinavyotokezana, kama Mji wa Kale wa Mombasa. Aendaye msikitini au dukani ana njia zaidi ya moja. Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970, ilipangwa vingine: nyumba huzunguka ua, na ua una mlango mmoja. Watoto walipata pa kucheza kwa utulivu. Lakini hofu ya wezi ilipozidi, malango yaliongezwa, na vijia vingi vya miguu vikazibwa. Kwingineko, kuelekea Kayole na Ruai, mashamba yalikatwa viwanja kipande kwa kipande, na njia nyingi huishia mpakani mwa shamba.

Basi nyumba mbili zilizopeana migongo hutenganishwa na ukuta. Mtoto aendaye chuoni hulazimika kutoka hadi barabara kuu, apite kando ya matatu na malori, ndipo aingie mtaa wa pili. Mwenye gari hahisi kitu. Anayeumia ni atembeaye, na Nairobi karibu safari 4 katika kila 10 ni za miguu.

Hatukatai malango, usalama wa familia ni amana. Twasema tu kwamba lango la kuzuia magari lisizuie watu. Uachwe mlango mdogo, ufunguliwe alfajiri na kufungwa baada ya Isha, na ujira wa mlinzi uchangwe na pande zote mbili. Njia yenye wapitaji ina macho mengi. Iliyo tupu ndiyo impendezayo mwizi.

Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba watu wakikhitilafiana juu ya njia, upana wake uwe dhiraa 7, na kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka. Njia, basi, ina haki yake.

Kisauni na Likoni nako viwanja vyakatwa kila siku. Kamati ya mtaa itakapokutana kuamua pa kujenga ukuta, akina mama wahudhurie na wasikizwe, kwani wao ndio wanaoijua njia kwa nyayo zao.

Wabillahi tawfiq.